Wimbi Lililofuata Nyota

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kushuka ngazi. Akimhitaji mtu, alimwita ghorofa ya nne, akamkalisha kwenye kiti kifupi kuliko chake, akamalizana naye. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, Mama Pacha alipomwona amesimama mlangoni pa maabara, huku chini kabisa ya jengo, amevaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu vyake vya ngozi, alijua kuna jambo kabla mtu hajasema neno.

Mama Pacha hakuwa na watoto pacha. Alikuwa na saa mbili. Ukiingia bila kuambiwa usingejua kuwa ni saa, maana hazikuwa na mishale wala namba. Kila moja ilikuwa meza ya chuma yenye ukubwa wa kitanda, imejaa vioo vidogo, leza na nyaya, na katikati yake kichumba cha kioo kisicho na hewa ambamo vumbi la atomi lilining'inia na kuwaka doa dogo: huku la buluu, kule la zambarau. Atomi za meza ya kwanza zilikuwa za aina moja, za meza ya pili aina nyingine, na kila aina hutetemeka kwa mdundo wake. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kulinganisha midundo hiyo miwili. Vitabu vyote vinasema uwiano wake haubadiliki, si leo, si kesho, si hapa, si kwingineko. Ukibadilika hata chembe, maana yake mojawapo ya namba ambazo maumbile yote yamesimama juu yake haikukaa pale tulipodhani imekaa. Hilo ndilo alilolisubiri alipoanza kazi. Siku hizi alikuwa amekwisha acha kulisubiri, ila hakuwahi kulitamka.

"Dokta," mkurugenzi alisema, akiangalia huku na huku asijue pa kuegemea, "Alhamisi ya wiki ijayo baraza linakaa. Wameniuliza swali, na mimi nakuuliza wewe. Fizikia yenu hii ya misingi, mara ya mwisho kuleta wazo la kutikisa dunia ilikuwa lini? Sisemi kifaa. Sisemi simu nyembamba zaidi. Wazo."

"Kuna mengi yanaendelea, mheshimiwa..."

"Nimekuuliza lini."

"La kutikisa kweli kweli? Miaka hamsini. Labda zaidi."

"Nilikuwa sijaanza shule." Hakulisema kwa kejeli, alilisema kama mtu anayetoa pole msibani. "Sikulaumu. Huenda mawazo yenyewe yamekwisha, na sisi tumebaki kufuta vumbi. Lakini saa zako ni nzuri. Mitandao ya simu inataka saa, viwanja vya ndege vinataka saa. Niletee grafu ya siku arobaini iliyonyooka kama rula, nikaionyeshe baraza, na maabara hii itakuwa kituo cha huduma ya muda. Hapo hakuna atakayemwaga unga. Wewe, fundi wako, na wale vijana wanne wa nadharia kule juu. Bila hiyo grafu, sina la kuwatetea."

Alipoondoka, vifuniko vyake vikichakacha ngazini, fundi alitoa kichwa nyuma ya kabati la nyaya. Alikuwa mtu mzima, mfupi, aliyefanya kazi pale kabla hata ya saa zenyewe, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kumbe ana miguu," alisema. "Mimi nilidhani wanambeba."

Mama Pacha hakucheka. Alikwenda kwenye kompyuta, akaita vipimo vya siku arobaini, akavipanga kwenye grafu moja. Hakuwahi kuvipanga hivyo. Siku zote alivitazama wiki kwa wiki. Mstari ulitokea. Haukunyooka. Ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Kiyoyozi," fundi alisema, akichungulia juu ya bega lake.

"Kiyoyozi," Mama Pacha akakubali, na wote wawili wakapumua.

Lakini hakikuwa kiyoyozi. Walikizima siku nzima wakatoka jasho, na wimbi likabaki vilevile. Jumanne wakashuku lifti, maana uzito wake wa chuma ungeweza kuvuruga sumaku ya chumba. Fundi akaweka tangazo la "Mbovu" mlangoni mwake, watu wakapanda ngazi wakilaani, na wimbi likabaki. Jumatano wakabadili nyaya za umeme. Wakahamisha magari ya maegesho ya upande wa ukuta. Wakalegeza viungio vyote na kuvikaza upya, kimoja kimoja, fundi akivisemesha: "Wewe ndiye? Sema kweli, hatukupigi." Kila jioni Mama Pacha aliondoka na tumaini kwamba kesho atakuta kosa. Alilitamani kosa hilo kama mgonjwa anavyotamani daktari amwambie ni mafua tu.

Ijumaa asubuhi akapima urefu wa wimbi lenyewe, toka kilele hadi kilele. Alitegemea kupata saa ishirini na nne. Joto la mchana, umeme wa mji, lifti, milango, nyayo za watu: vyote hivyo hufuata jua na ratiba ya kazi, na hurudia kila saa ishirini na nne.

Kompyuta ikampa saa ishirini na tatu na dakika hamsini na sita.

Alirudia hesabu kwa mkono, kwenye karatasi. Kilele cha siku ya kwanza kilikuwa saa nne asubuhi. Cha siku ya arobaini kilikuwa saa moja na nusu. Kila siku kilikuwa kimetangulia kwa dakika nne, pole pole, bila kukosea.

Akaweka kalamu chini.

"Fundi."

"Naam, Mama."

"Ni kitu gani hapa duniani kinachorudia kila saa ishirini na tatu na dakika hamsini na sita?"

Fundi akafikiri. "Mke wangu akiwa na hasira."

"Nyota," alisema Mama Pacha, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. "Nyota ileile hurudi pale pale juu ya paa kabla ya siku kutimia, kwa dakika nne. Hiki kitu hakifuati jua. Hakifuati watu. Hakijui kama leo ni Ijumaa. Kuna upande mmoja wa mbingu, na jengo letu likigeukia huko, saa zinaacha kukubaliana."

Fundi alifungua mdomo ili atanie. Akaufunga. Akasugua mikono yake kama mtu aliyepigwa na baridi.

Mtu wa nje angedhani Mama Pacha angeruka kwa furaha. Si ndicho alichosomea? Lakini alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na nane. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake aliona kitu katika vipimo, kidogo kama hiki. Akamtuma yeye akague viungio, naye akakagua, akasema viko sawa. Mwalimu akaita waandishi wa habari, akasimama mbele ya kamera na tai mpya. Wiki sita baadaye fundi umeme wa kawaida tu, aliyekuja kubadili taa, akakuta kiungio kimoja kimelegea nusu mzunguko. Watu walicheka mpaka wakavunjika mbavu. Kwenye mikutano walimwita Profesa Kulegea, mbele yake. Mwalimu hakumlaumu mwanafunzi wake hata siku moja. Alijaza fomu ya kustaafu, akaenda kwao akafuga kuku, akafa bila kukanyaga tena chuo. Mama Pacha alikuwa amebeba nusu mzunguko ule kwenye mkono wake wa kulia tangu siku hiyo.

Kulikuwa na hofu nyingine pia, ya chini zaidi. Vipi kama hakuna kiungio kilicholegea? Sakafu yote ya hesabu aliyoikanyaga toka ujana wake, aliyowafundisha watoto wa watu, iliyojenga madaraja ya mawazo ya watu wazima wenye akili kuliko yeye: vipi kama haikuwa sakafu? Alitazama doa la buluu likiwaka kimya kwenye kioo chake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakutaka kubaki nalo peke yake chumbani.

Saa tisa alasiri alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwenye kompyuta kulikuwa na amri ya kusafisha kelele: unaiambia ni wimbi la urefu gani, inaliondoa kana kwamba halikuwahi kuwapo. Akaiandika. Akabonyeza. Mstari ukanyooka kama rula. Akautuma ghorofa ya nne bila kuandika neno la kuusindikiza.

Jibu la mkurugenzi lilifika baada ya dakika tatu. "Hongera sana, Dokta. Umeokoa watu."

Jumapili mchana alikuwa amekaa jikoni, sahani yake haijaguswa. Mume wake, muuguzi wa wodi ya wanaume, alikuwa anapiga pasi sare zake za wiki, akizipanga juu ya kiti.

"Mke wangu, toka juzi unatembea kama mtu aliyeiba," alisema bila kuinua macho.

Maneno yale yalimchoma. Akamweleza yote. Hakumficha grafu. Alipomaliza, mumewe alisimamisha pasi wima, akakaa.

"Sijaelewa habari za nyota," alisema. "Nieleze la grafu tena. Ulikuta kitu, ukakifuta?"

"Nilikisafisha. Inaruhusiwa, kama ni kelele."

"Na ni kelele?"

"Sijui."

"Basi hukusafisha, umefuta." Hakupandisha sauti. "Wodini kwetu mgonjwa akipandwa na homa usiyoielewa, unaiandika kwenye chati. Hata kama daktari mkuu atakufokea. Hata kama wewe ndiye uliyemchoma sindano isiyo yake. Nimeona watu wakifuta, mama. Na nimeona kilichofuata."

"Wakinicheka je?"

"Watakucheka."

"Na kama ni kweli je?" Aliisukuma sahani. "Hilo hunielewi. Nikikosea, nitaaibika tu. Lakini kama ni kweli, hakuna atakayejua tunakanyaga wapi. Mimi sitajua. Nina miaka hamsini na nne, nitaanza tena kama mtoto wa chekechea."

Mumewe akamsogezea tena sahani. "Kula kwanza," alisema. "Hata watoto wa chekechea wanakula."

Jumatatu alipiga moyo konde akampigia simu Chiriku. Walisoma darasa moja, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukufunga kuanzia asubuhi. Sasa aliongoza maabara ya saa kama zake, nchi nyingine, mwendo wa ndege wa saa saba. Hawakuwa wamezungumza kwa mwaka mzima, na Chiriku alipokea kwa vifijo, akamaliza habari za wanawe wote watatu, goti lake na paka wa jirani kabla Mama Pacha hajapata nafasi ya kupenyeza neno.

"Shoga, nisikilize. Nina swali la kijinga. Mmeshawahi kuona wimbi katika uwiano wenu? La siku moja, lakini si siku kamili. Pungufu kwa dakika nne."

Chiriku akanyamaza.

Mama Pacha alisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi mlio wa pampu. Katika miaka thelathini ya urafiki hakuwahi kusikia Chiriku akinyamaza. Kisha simu ikakatwa.

Alikaa ameishika mkononi. Ameniona kichaa, aliwaza. Sasa hivi anawaambia wenzake. Fundi aliyekuwa anajidai kufagia alisimama na fagio lake bila kufagia.

Baada ya robo saa simu ikaita. Chiriku alikuwa nje. Upepo ulivuma kwenye kipaza sauti, na mlango wa gari ukafungwa.

"Nani mwingine anajua?" alinong'ona.

"Fundi wangu. Mume wangu."

"Sisi tunaliona kwa miezi minne," alisema Chiriku. "Miezi minne, dada. Nilibadili leza. Nilibadili pampu. Nikasema labda ni majira ya mwaka yanatuchezea. Mwishoni niliwaambia vijana wangu waliondoe, waliite kelele. Kuna mmoja alikataa, nikamhamishia kazi nyingine. Mtoto mwenye akili! Nilimhamisha kwa sababu alikuwa ananitisha." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima anayejizuia. "Niliogopa yaliyomkuta Mwalimu. Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikadanganya," alisema Mama Pacha.

Walikubaliana jambo moja. Kila mmoja atapiga hesabu, wimbi linapofika kileleni, ni sehemu gani ya mbingu iko juu ya paa lake. Hakuna kumtajia mwenzake. Saa sita kamili kila mmoja atatuma namba yake kwa ujumbe, kwa dakika ileile, asije mmoja akamvuta mwingine. Mama Pacha alimpa fundi simu aibonyeze.

Wataalamu hugawa mbingu vipande ishirini na nne viitwavyo saa, kila kimoja dakika sitini. Yeye alituma: saa ya kumi na saba na dakika arobaini.

Namba ya Chiriku iliingia papo hapo: kumi na saba na dakika thelathini na nane.

Hakuna aliyeshangilia. Fundi alisoma namba zile mara tatu, akairudisha simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Kwa hiyo kuna kitu kule," alisema hatimaye, na bila kujijua akatazama dari.

"Au kuna kosa moja tulilofundishwa sote wawili," alisema Mama Pacha. "Tulifundishwa na mtu mmoja." Lakini alisikia jinsi sauti yake ilivyojikaza kuliamini hilo, na fundi alisikia pia.

Alhamisi, chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, watu tisa na chupa za maji. Grafu iliyonyooka ilikuwa imekwisha tundikwa ukutani. Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimkaribisha Mama Pacha aseme maneno machache ya shukrani.

Alisimama. Alishika ukingo wa meza.

"Grafu mnayoiona si ya kweli," alisema. "Nimeinyoosha mimi mwenyewe. Hii ndiyo ya kweli." Akasambaza nakala tisa. Kisha akaeleza, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza: siku arobaini, dakika nne, nyota, Chiriku na miezi yake minne. Hakutia chumvi. Alitaja hata kiungio cha Mwalimu.

Mkurugenzi alikuwa amegeuka rangi. "Unaelewa ulichokifanya? Umenifanya niwadanganye watu hawa."

"Naelewa, mheshimiwa. Nisamehe."

Mwenyekiti alivaa miwani, akafuata wimbi kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. "Dokta, mimi ni mtu wa sheria. Nisaidie. Unatuambia saa zako ni mbovu, au dunia ndiyo mbovu?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Lipi unaliombea?"

Swali hilo hakulitegemea. Alitaka kujibu kisomi, akashindwa. "Naombea saa ziwe mbovu," alisema. "Usiku na mchana naombea hivyo."

Jaji alivua miwani. Mtu mmoja upande wa pili, aliyekuwa akichezea kifuniko cha chupa tangu kikao kianze, aliacha kukichezea.

Waliamua mambo matatu siku hiyo. Huduma ya muda iliahirishwa. Mama Pacha alivuliwa uongozi wa maabara na kupewa barua ya onyo kwa kupeleka grafu aliyoichezea, na aliipokea kwa mikono miwili. Na saa zisizimwe, bali maabara nyingine zote zenye saa za namna ile ziandikiwe ziangalie.

Miezi mitano ikapita. Chiriku alimrudisha yule kijana wake, akamwomba radhi mbele ya wenzake. Maabara tatu ziliandika kwamba zimeona wimbi. Mbili ziliandika kwamba hazikuona chochote, na moja ya hizo mbili iliandika kwa ukali uliowafanya watu washuku kuwa nayo ilikuwa na jambo. Magazeti yalicheka wiki mbili, kisha yakaacha kucheka, na Mama Pacha akagundua kwamba kuacha huko kulimtisha kuliko kicheko. Vijana wanne wa nadharia, ambao kwa miaka walikuwa wakiingia na kutoka kama watu wanaosubiri basi lisilopita, sasa walikuwa wakipigiana kelele tangu asubuhi. Walikuwa na maelezo sita, na kila moja lilivunja kitu ambacho hakuna aliyedhani kingeweza kuvunjwa.

Siku moja alipita mlangoni mwao amebeba karatasi za vipimo vya wiki. Mmoja wao, binti mwenye misuko mingi, alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, machozi yakimtoka, na wenzake wamenyamaza. Alikuwa amefuta mstari mmoja wa juu kabisa, mstari ambao Mama Pacha aliwafundisha watoto wa mwaka wa kwanza kila muhula.

"Mama, ukiondoa huu, mengine yote yanakwenda," binti alisema. "Sijui nirudishe?"

Mama Pacha aliutazama ubao. Mahali mstari ulipokuwa palibaki doa jeupe la vumbi. Moyo ulimwenda mbio vilevile kama ile Ijumaa. Haukuwa umezoea hata kidogo.

"Usirudishe kwanza," alisema. Akavuta kiti, akakaa karibu na mlango. "Endelea. Nami naogopa, lakini endelea."